Nimeambiwa mwanangu ananenepa sababu ya bakteria wa tumboni, ninunue vidonge?

Mama Imu wa Tabata kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha ili na wengine muelewe tunaongelea nini. Imu ana miaka 7, yuko darasa la pili, uzito kilo 31, urefu sentimita 124. Alizaliwa kwa upasuaji, akanyonya miezi mitatu tu maana mama ilibidi arudi kazini, na mpaka anafikisha miaka minne alikuwa haishi antibayotiki, leo kifua kesho mafindofindo. Sasa kuna mtu kamwambia Imu ana "bakteria wabaya" ndo maana ananenepa, na anamuuzia vidonge vya bakteria wazuri, dozi ya miezi mitatu shilingi 240,000. Anauliza mawili: je ni kweli, na je ni yeye ndo kamharibu mtoto tangu mwanzo.

Mama Imu, pole mama. Nianze na hilo la pili maana ndo naona linakunyima usingizi.

Hujamharibu mtoto. Ni kweli mtoto anayepita njia ya kawaida anatoka amepakwa bakteria wa mama yake, na wa upasuaji anaanza na wa ngozi na wa mazingira ya wodini, ukipima kinyesi wiki za mwanzo tofauti unaiona kabisa. Lakini hiyo tofauti inapungua sana mtoto akishafika mwaka na kuanza kula vya nyumbani. Na kuhusu unene, kule Sweden walifuatilia vijana wa kiume zaidi ya 97,000, majibu yalitoka 2020, walipohesabu na uzito wa mama kabla ya kubeba mimba, ule uhusiano wa upasuaji na unene karibu wote ukayeyuka. Upasuaji ulifanyika ili wewe na Imu mtoke salama, mkatoka, basi hapo hapana deni.

Kunyonya, ndio, maziwa ya mama yana sukari za aina yake, zaidi ya aina 150, ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Zinapita tumbo zima zinaenda kulisha bakteria wa utumbo mpana. Mimi kila nikilifikiria hilo nashangaa upya, yaani mwili wa mama unatengeneza chakula ambacho sio cha mtoto, ni cha wadudu wa mtoto. Kwahiyo miezi mitatu uliyonyonyesha sio bure hata kidogo, Imu aliipata.

Kwenye antibayotiki hapo nitakwambia ukweli wote, maana hapo pana kitu. Tangu miaka ya 1950 wafugaji wa Marekani walikuwa wanachanganya antibayotiki kidogokidogo kwenye chakula cha kuku na nguruwe ili wanenepe haraka, na walikuwa wananenepa kweli. Mwaka 2014 timu ya Martin Blaser kule New York wakawapa panya wachanga penisilini kidogo mwanzoni mwa maisha tu, wakaacha, bakteria wakarudi karibu kama kawaida, lakini panya wakaja kuwa wanene ukubwani. Kwa watoto wa binadamu uhusiano huo unaonekana pia hasa dawa zikianza kabla ya miezi sita, ila ni mdogo, sio wa kumtoa mtoto kilo 23 kumpeleka 31. Ninachokuomba ni hiki: nimonia ikiandikiwa amoksilini mpe mpaka amalize, usimkatize. Ila mafua, kikohozi cha mafua, na sehemu kubwa ya kuhara kwa maji kwa watoto ni virusi, antibayotiki haigusi virusi, kwahiyo ile ya kupita duka la dawa ukielekea nyumbani na kusema nipe ya kifua ya mtoto, iache.

Sasa swali la kwanza. Je bakteria wanahusika na unene? Wanahusika, aliyekwambia hajatunga. Kosa liko kwenye kile alichokuuzia baada ya hapo.

Mtu mzima ana bakteria kama trilioni 38 mwilini, uzito wake wote kama gramu 200 hivi, wengi kabisa wako utumbo mpana. Chakula kikiingia, utumbo mwembamba unanyonya sukari, unga laini, mafuta, protini. Kinachobaki ambacho sisi hatuna uwezo nacho, zile nyuzinyuzi za maharage, maganda ya nafaka, nyama ya tunda, wanga mgumu wa ndizi mbichi, ndo kinashuka chini kwa bakteria, wao wanakichachusha kama unavyochachusha togwa, na wanatoa asidi ndogondogo. Moja inaitwa butireti, hiyo ndo chakula kikuu cha chembe za ukuta wa utumbo mpana. Nyingine zinagusa chembe fulani ukutani hapohapo nazo zinamwaga homoni zinazoenda kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Mojawapo ya homoni hizo ni GLP-1, ndo hiyohiyo ambayo sindano za kupunguza uzito zinazovuma siku hizi zinaiiga.

Kwahiyo mtoto ambaye bakteria wake wanakula vizuri anashiba vizuri. Na wasipopewa chakula? Hawakai kimya. Mwaka 2016 walionyesha kwa panya kuwa wakinyimwa nyuzinyuzi baadhi ya bakteria wanageukia ule ute unaofunika ukuta wa utumbo, wanaula wenyewe, ute unakuwa mwembamba na ukuta unabaki wazi kwa vijidudu vya magonjwa.

Habari ya bakteria na unene ilianza kuvuma kutoka maabara ya Jeffrey Gordon, St. Louis kule Marekani. Mwaka 2004 walichukua panya waliokulia bila bakteria hata mmoja, wakawapandikiza bakteria wa panya wa kawaida, ndani ya wiki 2 mafuta ya mwili yakapanda kama 60% na huku wanakula kidogo kuliko mwanzo. Dunia ikashtuka. Zikafuata habari za makundi mawili ya bakteria, kwamba wanene wana wengi wa kundi hili na wembamba wa kundi lile, hiyo ndo bado inazunguka mitandaoni na nadhani ndo aliyokusomea muuzaji wako, lakini walipokusanya tafiti nyingi pamoja haikusimama, watu wanatofautiana mno.

Utafiti ambao mimi nautumia kuelewa jambo hili ni wa 2013, maabara ileile. Walitafuta jozi 4 za mapacha, kila jozi mmoja mnene mwenzake mwembamba, wakachukua kinyesi chao wakawapandikiza panya. Panya aliyepewa cha pacha mnene akaongezeka mafuta, wa pacha mwembamba akabaki mwembamba. Halafu wakawaweka chumba kimoja, na panya wanakula kinyesi cha wenzao, hivyo bakteria wakahama, bakteria wa yule mwembamba wakaingia kwa mnene na kumzuia asinenepe. Ungeishia hapo ungesema haya basi, nunua vidonge. Ila soma na mbele: bakteria wale walishika pale tu panya alipolishwa chakula chenye mafuta kidogo na matunda na mboga kwa wingi. Alipolishwa mafuta mengi na mboga chache, wageni waliingia wakakosa pa kukaa. Hicho ndo kiini cha jibu langu lote kwako mama Imu, bakteria ni wageni, wanakaa kwenye nyumba yenye chakula chao.

Na kwa binadamu vijana wamejaribu, Auckland kule New Zealand, majibu ya 2020. Vijana 87 wenye unene wa miaka 14 mpaka 18, nusu wakapewa vidonge vyenye bakteria kutoka kwenye kinyesi cha watu wembamba wenye afya, yaani jamii nzima ya bakteria, sio aina mbili tatu kama za kwenye kopo lako. Baada ya wiki 6 BMI zao, yaani kile kipimo cha uzito ukilinganisha na urefu, na za waliopewa vidonge vitupu hazikutofautiana.

Kingine ambacho muuzaji hakukwambia. Kopo la namna hiyo mara nyingi limeandikwa bifidobakteria, wanasifiwa kama bakteria wa afya, na kwa mtoto anayenyonya kweli ni wazuri mno. Lakini hapahapa kwetu Tanzania, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma porini, ambao matumbo yao yana aina nyingi za bakteria kuliko matumbo ya watu wa Ulaya na Marekani, walipopimwa 2014 wale watu wazima hawakukutwa na bifidobakteria. Hawana, na unene kwao hausikiki. Wana nini basi? Wana mizizi ya porini wanayotafuna wanatema makapi, wana mabuyu, matunda pori, asali, nyama, nyuzinyuzi gramu 100 na zaidi kwa siku. Na utafiti mwingine wa 2017 ukaonyesha bakteria wao wanabadilika na majira, kuna aina zinapotea masika zinarudi kiangazi chakula kikibadilika. Hakuna anayewauzia kidonge.

Simaanishi Imu akaishi Eyasi. Namaanisha nionyeshe huyo bakteria wake anakula nini Tabata.

Umeniandikia siku yake nzima na nakushukuru umeandika bila kuficha. Asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari na slesi nne za mkate mweupe na siagi ya kopo. Saa nne biskuti na juisi ya boksi. Mchana wali nyama shuleni, mboga anaitoa pembeni. Jioni akirudi chai tena kama ya asubuhi, usiku chipsi mayai au ugali wa sembe na samaki, wikiendi soda. Sasa kaa chini kule utumbo mpana usubiri. Mkate mweupe unanyonywa juu karibu wote, kinachofika ni kidogo. Sukari haifiki. Juisi haifiki, wali wa moto unafika kidogo mno, sembe imeshakobolewa ganda na kiini vyote vimeenda kwa kuku. Siku imeisha na kilichoshuka sidhani hata gramu 10 za nyuzinyuzi, wakati WHO mwaka 2023 wamesema mtoto wa miaka 6 mpaka 9 apate angalau gramu 21. Huku juu sukari peke yake, chai mbili na juisi, inafika kama gramu 50, na chama cha moyo cha Marekani kinasema mtoto asizidi 25 kwa siku. Kwahiyo Imu analishwa kupita kiasi na bakteria wake wana njaa, kwa siku hiyohiyo na sahani ileile. Ndo maana unaniambia anakula afu baada ya saa moja anasema mama nasikia njaa. Hadanganyi na sio mlafi, mtoto kweli hajashiba.

Usimnyime chakula. Nasema tena, usimpunje mtoto wa miaka 7 sahani, anakua, atakuja kuiba biskuti usiku na kujificha, nimeona watoto kliniki wanalia wakisimulia. Badilisha kinachoingia. Ningeanza na vinywaji maana ndo rahisi kuliko vyote: juisi ya boksi na soda zitoke ndani ya nyumba, kwa watu wote sio kwake tu, na chai ishuke vijiko viwili wiki hii, kimoja wiki ijayo, ulimi wa mtoto unazoea ndani ya wiki chache. Chungwa ale na nyama yake asikamuliwe.

Halafu kunde. Maharage, choroko, mbaazi, kunde zenyewe, hizi ndo karamu ya bakteria kuliko chochote, kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina nyuzinyuzi kama gramu 13, hapo umeshavuka nusu ya siku. Mbaazi za nazi na kipande cha kiazi kitamu badala ya mkate asubuhi, mtoto gani atakataa mbaazi za nazi, we weka tu nazi kiasi. Makande. Sembe igeuke dona hata kwa kuchanganya nusu kwa nusu mwanzoni. Ndizi mbichi za kupika, pera, embe, karanga kiganja. Viazi vilivyochemshwa vikapoa vinapata wanga sugu zaidi kuliko vya moto, kwahiyo kiporo cha viazi kwenye kikopo cha saa nne ni kizuri, ila kiporo chochote lazima kilale kwenye friji. Ubuyu wa unga mtupu kwenye uji, sio ule mwekundu wa kulowekwa sukari. Anza polepole, robo kikombe cha maharage kwa siku wiki ya kwanza, maana atapata gesi, tumbo litanguruma na atajamba, usiogope ukaacha, hiyo gesi ni bakteria wameanza kazi, baada ya wiki mbili tatu inatulia.

Vya kuchachuka navyo vinasaidia. Mtindi usio na sukari, maziwa mgando, togwa. Kule Ilula, Iringa, miaka ya 90 watoto wadogo walipewa uji uliochachushwa kila siku na vijidudu vya kuharisha kwenye kinyesi vikapungua, wenzao waliopewa uji wa kawaida havikupungua. Na mwaka 2025, Kilimanjaro, wanaume 77, wa kijijini wakahamishiwa kwenye soseji, mkate mweupe na chipsi wiki 2 tu, damu zao zikaonyesha dalili za uvimbe wa ndani, yaani kinga ya mwili kuchachamaa, wa mjini wakarudishwa kwenye ndizi, maharage na mboga, dalili hizo zikashuka. Wengine walipewa mbege na wao wakafaidika, ila mbege ina pombe, usimpe mtoto kabisa. Wale walikuwa watu wazima na utafiti haukulenga unene, nakutajia kwa sababu ya muda, wiki mbili zinatosha mwili kuanza kuitikia.

Nikwambie na kitu kingine kinachonigusa. Bakteria hawahawa wanafanya kazi upande wa pili, kwa watoto waliokonda. Malawi walifuatilia mapacha jozi 317, mara nyingine pacha mmoja anapata kwashakoo, ule utapiamlo wa kuvimba miguu, mwenzake anasalimika na wanakula chungu kimoja, 2013 wakaonyesha bakteria wana mchango. Bangladesh wakatengeneza chakula cha kuwarudisha bakteria, kina dengu, soya, karanga na ndizi mbichi, na watoto wakakua vizuri kuliko waliopewa chakula cha kawaida cha msaada ambacho kilikuwa na nguvu nyingi zaidi. Soma tena hiyo orodha, dengu, soya, karanga, ndizi mbichi. Ipo genge la hapo mtaani kwenu, na 240,000 yako inakaa nayo miezi.

Bibi yake anayesema mtoto mnene ndo afya, usimbishie, muombe akupikie makande, wazee wetu wanajua vyakula hivi kuliko sisi. Na hilo jina la bonge, naomba lisitumike tena nyumbani hata kwa mapenzi. Alale kwa muda wa saa tisa mpaka kumi na moja kila usiku, simu isiingie kitandani, na apate saa moja ya kukimbia kila siku, hata mpira wa makaratasi uani.

Sina wasiwasi sana na homoni zake kwa sababu ya huo urefu, 124 kwa miaka 7 ni juu kidogo ya wastani, na watoto wenye tatizo la tezi au homoni mara nyingi wanadumaa huku wananenepa. Lakini ukiona shingo nyuma au kwapa limekuwa jeusi nene kama uchafu usiotoka, akikoroma na pumzi inakata kidogo usingizini, akianza kuchechemea au kulalamika goti au nyonga, au kiu na mkojo visivyo vya kawaida, usisubiri, mpeleke kwa daktari wa watoto wiki hiyohiyo.

Na usimpimishe mizani kila wiki. Chukua penseli, msimamishe mlangoni bila viatu, weka alama na tarehe, rudia baada ya miezi mitatu. Leo BMI yake ni kama 20.2, chati ya WHO kwa mvulana wa miaka 7 katikati ni 15.5, ikivuka 19 tunaita kiribatumbo, yaani unene uliopitiliza. Lakini umri huu wanaongezeka sentimita 5 mpaka 6 kwa mwaka. Akifika 130 mwakani na bado ana kilo 31 zilezile, BMI imeshuka mpaka 18.3, na akiwa na miaka 8 mstari wa kiribatumbo wenyewe utakuwa umesogea mpaka karibu 19.7. Hata akiongeza kilo moja bado yuko chini yake. Kwahiyo sitaki apungue hata kilo, nataka ile alama ya penseli ipande na mizani ikae palepale. Ukishaweka alama ya kwanza niandikie, na uniambie maharage ameyapokeaje.